Kadi ya Manjano

Kaka yangu Fanueli alianguka na pikipiki mwezi wa tano mwaka 2013, akitoka Isansa na mfuko wa mbolea, na tangu siku hiyo hakusema neno. Alikuwa anakula ukimlisha, anameza, analala, anaamka. Macho yalikuwa wazi lakini ukipita mbele yake hayakufuati. Daktari alituonyesha picha ya kichwa chake, akazungusha kalamu juu ya doa jeupe, akasema tumpe muda ila tusitegemee sana. Mimi ndiye niliyetamka kwanza lile neno. Tulikuwa kwenye korido ya hospitali, Fanueli yuko kwenye kiti cha magurudumu katikati yetu, nikamgeukia mama nikasema, "Mama, hayumo."

Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama ninavyomwambia mteja kwamba diski yake imekufa na picha za harusi hazirudi. Ndiyo kazi yangu. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta na kutoa fotokopi hapa Tunduma, mtaa wa Sogea, na wateja wananijua kwamba sibembelezi mtu. Mteja akinililia juu ya diski, namwachia kiti akae alie, mimi naendelea na wa pili.

Baada ya korido ile nikaingia ganzi. Sina jina lingine. Ukiukalia mguu vibaya, unaubonyeza na hausikii kitu, nami nilikuwa hivyo mwili mzima kwa mwaka na zaidi. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimkata kucha, na ungeniuliza nilikuwa nasikiaje ningekwambia nasikia njaa.

Tulimweka kwangu kwa sababu kwangu kuna umeme na hospitali haiko mbali. Mkewe walishaachana zamani. Mama yetu, Roda, akafunga nyumba ya Hasamba, akaacha kahawa yake chini ya uangalizi wa jirani, akaja kukaa nasi. Tukazoea. Tukaanza kumwita "huyu". Huyu ameshakula? Huyu ageuzwe, ataota vidonda. Wajomba walikuja mara mbili, wakakaa kwenye makochi yangu, wakanywa chai, wakajadili kama atazikwa Hasamba kando ya baba au upande wa chini penye nafasi. Yeye alikuwa amekaa hapohapo, kwenye kona karibu na friji, akiangalia sakafu.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, jirani wa Hasamba akapiga simu kusema kahawa imeiva na nyingine imeanza kudondoka. Mama aliweka simu juu ya meza, akakunjakunja ncha ya kitenge chake.

"Tabita," akasema, "mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Yumo au hayumo."

"Mama, tulishaongea."

"Wewe uliongea. Mimi sikujibu. Kama yumo, nakaa, kahawa ioze. Kama hayumo, nimlilie, nimalize, niende nikachume kahawa yangu. Lakini siwezi kumlilia mtu ambaye asubuhi nimemlisha uji. Na siwezi kuongea naye kama naongea na mlango. Nipe jibu moja."

Nilimwambia sina. Akasema basi anajipa wiki mbili, na Jumatatu ya baada ya hapo anaondoka. Hakupandisha sauti. Alinyanyuka akaenda kuosha vikombe.

Muuguzi wa mazoezi alikuwa ametuambia tumletee vitu alivyozoea. Tulishampigia kwaya ya kanisani. Tulishakaanga kahawa mbele yake mpaka nyumba nzima ikajaa moshi. Tulishamwekea mkononi spana yake ya pikipiki, ikaanguka. Kilichobaki kilikuwa sanduku lake la bati, ambalo mama alikuja nalo kutoka Hasamba na hakuna aliyelifungua. Tukalifungua Jumapili iliyofuata, ikiwa imebaki wiki moja mama aondoke. Mlikuwa na vyeti, shati la harusi, na chini kabisa gazeti limefungia vitu viwili: sidii iliyoandikwa kwa kalamu nene GEMU MAGARI USIGUSE, na kadi ya picha ya kompyuta, imeota kutu na ukungu mweupe.

Hapo ndipo nilipokumbuka chumba.

Kuanzia mwaka 1999 hadi 2004 Fanueli alikuwa na chumba cha gemu nyuma ya stendi ya malori. Kompyuta moja, mabenchi mawili, pazia. Kompyuta aliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa Mzambia aliyekuwa anahama, na ndani yake mlikuwa na kadi hii. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuchora zenyewe barabara na milima kwa haraka. Ulihitaji kadi ya pili ya kuzichorea. Gemu lilikuwa moja tu, la magari, na njia waliyoipenda wote ilipita mlimani kwenye ukungu mzito. Magari yalikuwa yanatokea kwenye ukungu yakiwa yameshakukaribia. Mimi nilikuwa bweni Vwawa, nikaliona likizo mbili tu. Fanueli alikuwa anawatoa wateja, anafunga pazia, ananiambia, "Haya Tabi, dakika kumi zako." Nilikumbuka ule ukungu kuliko nilivyokumbuka masomo ya mwaka ule.

Kadi yenyewe haikuwa na maana tena. Hata kama ingekuwa mpya, kompyuta za leo hazina tundu la kuichomeka. Nikaiweka sidii kwenye kompyuta yangu ya kibandani, mbele ya nyumba, nikamleta Fanueli na kiti chake, nikalifungua gemu. Lilifunguka, lakini lilikuwa aibu tupu. Ukungu haukuwepo. Milima ilikuwa inachomoza ghafla hewani vipandevipande, maana ukungu ule uliwekwa makusudi kuficha vitu ambavyo kadi haijamaliza kuvichora. Barabara iling'aa kama sufuria. Fanueli aliangalia sakafu.

Usiniulize kwa nini nilikazana. Kusema kweli sikuwa na tumaini lolote. Nadhani ilikuwa ni ile kazi tu. Kitu kimeharibika, mkono unatafuta bisibisi wenyewe. Nikanunua bando, nikaingia mtandaoni, nikakuta mtu mmoja wa nchi za mbali, simjui jina wala sura, ambaye ametengeneza programu inayojifanya ile kadi. Gemu likifunguka huwa linauliza kwanza, kadi upo? Programu inajibu, nipo. Gemu linaamini, linaanza kutuma michoro yake, na programu inaichora vilevile kadi ilivyokuwa ikichora, pamoja na kasoro zake. Hata vile vidoti vidogo vya rangi, ambavyo kadi ilivitumia kwa sababu rangi zake zilikuwa chache, yule bwana alivirudisha kimoja kimoja. Unaweza kuviondoa ukitaka picha laini. Ameandika kwa chini kwamba yeye binafsi haviondoi.

Ilinichukua siku nne. Mara gemu linakimbia mno, gari linapaa kabla hujashika usukani. Mara ukungu unakuja mweusi. Alhamisi mchana ukakaa sawa: mlima, barabara, ukungu mweupe na vidoti vyake, kila kitu kama nilivyokiona siku zangu za likizo. Nikamweka Fanueli mbele ya skrini. Mama akavuta stuli akakaa pembeni yake, mikono mapajani kama yuko ibadani.

Nilicheza njia nzima. Halafu nikaicheza tena. Fanueli alikuwa ameelekeza uso kwenye skrini kwa sababu mimi ndiye niliyemwelekeza. Mate yakamtoka, mama akayafuta.

"Ni hilohilo?" mama akauliza.

"Ni hilohilo."

"Haya," akasema mama. Akainuka akaenda ndani, na jioni ile nikaona begi lake limetolewa chini ya kitanda na khanga mbili zimeshakunjwa humo.

Kesho yake, Ijumaa, akaja Hezron. Hezron anajaza fomu za madereva wa malori pale mpakani, na huja kwangu kutoa kopi mara tatu kwa siku. Ameoa ng'ambo, anachanganya lugha mpaka unachoka: wewe kwake ni iwe, mheshimiwa ni mukwai, na mkubwa anamtangulizia Ba kwenye jina. Gemu lilikuwa bado liko wazi, Fanueli bado mbele yake. Nilikuwa sijapata nguvu ya kumrudisha kwenye kona. Hezron akasimama na karatasi zake mkononi.

"Iwe, Tabi. Hii umeitoa wapi?"

Nikamweleza kwa kifupi. Akainama akatazama, akatikisa kichwa.

"Iko vizuri. Ila siyo hii."

Nilikuwa nimekesha na gemu hilo siku nne, na Hezron hata printa hawezi kuiwasha. Nikamwambia kama ana kopi atoe, kama hana aache njia.

"Usikasirike, mukwai. Nakwambia tu. Sisi tulikuwa tunacheza kila siku, na hii haikuwa nyeupe. Huu ukungu ulikuwa manjano."

"Ulikuwa mweupe. Mimi nimeucheza."

"Wewe ulikuwa unafungiwa pazia," akasema Hezron. "Ulikuwa unakazia waya wewe? Waya wa skrini ulikuwa umelegea kwa nyuma. Lori likipita tu barabarani, meza inatikisika, picha yote manjano. Sisi tunapiga kelele, Afisa, homa ya manjano. Si unajua pale mpakani unavyoulizwa kadi ya chanjo? Basi Ba Fanueli ndiye alikuwa Afisa Afya wetu. Hasimami hata. Anapitisha mkono wa kushoto nyuma ya skrini, anakaza waya, picha inapona. Halafu anakwambia kama wale wa mpakani, anakwambia, pita. Ndiyo unaendelea. Kama hajasema pita, huruhusiwi kugusa kitu."

Alicheka kidogo, kisha akamwangalia Fanueli akaacha.

"Na hakuwa anakaa hapo," akaongeza. "Hapo mbele anakaa mteja. Yeye alikuwa huku ubavuni, karibu na mlango."

Nilizipokea karatasi za Hezron nikakaa nazo mkononi bila kuzitoa kopi. Kumbe nilikuwa nimetengeneza siku nne gemu la mtu mwingine. Likizo zote zile Fanueli alikaza waya kwanza ndipo akaniita, nami nikaondoka nikijua kwamba lilikuwa jeupe. Gemu lake yeye sikuwahi kuliona.

Rangi ya skrini zenye waya wa namna ile inatoka kwenye nyaya tatu ndani yake: nyekundu, kijani na buluu. Ukikosa wa buluu, kila kilicho cheupe kinakuwa manjano. Ningeweza kukata waya kweli, lakini waya uliokatika hauponi, na mimi nilitaka kuweza kulinganisha. Ile programu ina faili dogo la kurekebisha rangi. Nikaweka sifuri mahali pa buluu. Halafu kuna kitufe, F9, ambacho ukikibonyeza marekebisho yanaondoka, ukibonyeza tena yanarudi. Yule bwana wa mbali alikiweka ili watu wakague kazi yao. Nikajaribu. Ukungu ukawa manjano mabaya, kama maji ya kuoshea sufuria ya mchuzi. Yule bwana angeliona hilo angelia, baada ya jitihada zake zote.

Jumapili baada ya ibada nikamwomba Hezron aje. Mama alikuwa ameshafunga begi. Safari ilikuwa kesho yake alfajiri. Mama alikubali kukaa atazame kwa sababu nilimwomba, si kwa sababu alikuwa na hamu. Nilikigeuza kiti cha Fanueli, nikakisogeza ubavuni mwa skrini, mgongo wake karibu na mlango, bega la kushoto likigusa meza. Hezron akakaa mbele, pa mteja. Mimi nikasimama nyuma ya Hezron, mkono wangu umefika kwenye kibodi.

Hezron akaanza kucheza. Picha ilikuwa nyeupe. Gari likapanda mlima, likaingia kwenye ukungu. Nikabonyeza F9, picha yote ikageuka manjano.

"Afisa," Hezron akasema. "Homa ya manjano, Afisa."

Gari likasimama njiani. Hezron aliondoa mikono akaiweka mapajani, kama sheria ilivyokuwa. Hapakutokea kitu. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma likilia pii pii pii. Mama alikuwa anaangalia begi lake.

"Afisa," akarudia Hezron, "kuna homa huku."

Bega la Fanueli lilisogea. Nilidhani ni ule mshtuko anaoupata akitaka kulala. Kisha mkono wa kushoto ukateleza kutoka kwenye paja, ukagonga ukingo wa meza, ukakaa hapo. Vidole vikatembea juu ya mbao. Muuguzi alishasema ule mkono hauna kazi. Ukapanda, polepole mno, ukaenda nyuma ya skrini, ukapotea. Nikasikia kucha zikikwaruza plastiki, zikitafuta. Ukaupata waya, ukaukaza.

Picha ikabaki manjano. Bila shaka ingebaki. Waya ulikuwa mzima, ugonjwa niliuandika mimi kwenye faili. Akakaza tena. Na hapo uso wake ukafanya kitu ambacho nilikuwa sijakiona kwa mwaka mzima na mwezi. Ngozi ya kati ya nyusi ikajikunja. Ni ule uso wake wa bolti iliyogoma, uso wa mtu anayeudhika na kitu kidogo. Akakaza mara ya tatu, na pumzi ikamtoka puani kwa hasira.

Sikuwa nimepanga. Kidole changu kilikuwa kwenye F9, nikabonyeza.

Ukungu ukawa mweupe, na vidoti vyake vyote.

Fanueli akauvuta mkono nyuma. Uliangukia mezani, ukalala pale. Midomo yake ikafunguka, ikafunga, ikafunguka. Ilitoka sauti kavu, nusu ya neno, bila herufi ya kwanza.

"Ita."

"Nimepita, mukwai," Hezron akajibu, akaweka mikono kwenye kibodi na kuendesha gari. Alikuwa analia na hakuwa anajificha. Gari lilikwenda likagonga mwamba, akalirudisha barabarani, akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameruhusiwa.

Mama alisimama. Nilimngoja afurahi, maana ndilo jibu alilotaka, nami nilikuwa nimempa. Alikwenda mbele ya kiti cha Fanueli, akachuchumaa, akaangalia ile mikunjo ya kati ya nyusi ambayo ilikuwa bado haijaondoka.

"Yumo," akasema.

Kisha nikaona neno lenyewe linamrudia usoni. Akaketi sakafuni kabisa, kitenge kikamfunuka magoti, hakukirekebisha.

"Alikuwemo," akasema mama. "Tabita. Siku zote hizi alikuwemo."

Nilikuwa nawaona wajomba kwenye makochi yangu na vikombe vyao, wakibishana juu ya upande wa chini penye nafasi. Nilijiona mimi nikimpa jirani wa mtaani simulizi ya choo cha Fanueli, mbele yake, kwa sauti, nikicheka kidogo. Nilijiona kwenye korido, mkono wangu kwenye mpini wa kiti chake, nikisema juu ya kichwa chake lile neno moja, naye akilisikia. Mguu uliokufa ganzi ukianza kurudi, unachoma vibaya kuliko ulipokuwa hausikii, na hicho ndicho kilichonipata pale nimesimama, kuanzia shingoni kushuka. Niliona aibu.

Mama alikuwa ameshika mguu wa Fanueli, anampapasa kifundo, anasema kwa Kinyiha, polepole, mambo ambayo sitayaandika hapa. Macho ya Fanueli hayakuwa kwake. Yalikuwa yameanza kurudi sakafuni, yakishuka taratibu kama siku zote, na ile mikunjo ilikuwa inalainika. Nikaogopa. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano wa mwaka uliopita niliogopa kitu.

Nikabonyeza F9, mlima ukawa manjano. Hezron akaondoa mikono kwenye kibodi.

Nikainama mpaka mdomo wangu ukawa karibu na sikio la Fanueli. Tangu kwenye korido nilikuwa sijamwita kwa jina lolote.

"Kaka," nikamwambia, "homa imerudi."

Akaanza kuunyanyua mkono.